Mfuniko wa Hotpoti



Kama umefungua redio ukiwa jikoni, usizime taa na wala usijifiche. Najua ni saa ngapi. Ni saa nne na robo, watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, na kwenye hotpoti zimebaki chapati ambazo ulishatangaza mwenyewe kwamba ni za chai ya asubuhi. Hotpoti hiyo naijua. Ukiuvuta mfuniko wake moja kwa moja unapiga kelele nyumba nzima ikasikia. Ukiuzungusha kidogo kushoto, ukanyanyua upande mmoja kwanza, unatoka kimya. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza nikiwa na miaka 41, ndani ya nyumba yangu, kwa chapati ambazo unga wake nilinunua kwa hela yangu. Sijui nilikuwa namwibia nani.

Leo nataka tuzungumze juu ya kula kwa namna hiyo wakati mtu anajitahidi kupunguza mwili. Sizungumzii njaa. Nazungumzia kula kwa hasira, kula kwa upweke, kula kwa ajili ya ada ya shule ambayo haijatimia, kula kwa ajili ya ujumbe uliotuma mchana, ukasomwa, na mpaka sasa kimya.

Kiswahili kinamjua vizuri kabisa mtu anayekonda kwa mawazo. Binti akipungua kidogo tu, shangazi anamshika mkono, anauzungushia vidole viwili kama anapima bangili. "Mwanangu, mbona hivi? Una nini?" Tunasema mawazo yamemmaliza. Haya, nitafutie neno la mtu aliyenenepa kwa mawazo. Mimi nimelitafuta na sijalipata. Aliyenenepa tunasema amenawiri. Ndoa imemkubali. Dar imemkubali.

Mwaka niliotengana na baba watoto niliongezeka kilo 11. Mwishoni mwa mwaka ule nilikwenda arusini Tanga, na shangazi yangu, dada yake baba, alinizungusha mbele ya watu kama nguo mpya, akapiga kigelegele kifupi: "Jamani, mtazameni mwanangu alivyonawiri!" Nikacheka na wanaocheka. Usiku ule ule nilikula sahani ya pili ya pilau nimesimama nyuma ya nyumba, karibu na masufuria, nikitumia mkono kwa sababu kwenda kutafuta kijiko kungenionyesha kwa watu.

Shangazi simlaumu. Rika lake liliona mambo. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini mwetu walionekana Kagera mwaka 1983, na jirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa ule silimu, neno walilolitohoa kutoka Kiingereza, maana yake wembamba. Kwa miaka mingi mtu akipungua, mtaa ulinong'ona. Aliyezika ndugu waliokwisha mwili mbele ya macho yake, ukimwambia unataka kupunguza kilo 15, anakuona umerukwa na akili. Kwake mwili ni taarifa ya habari, na mwili mnene unatangaza kwamba hali ni shwari.

Mjini nako tumetunga jina la upande wa pili: nyama uzembe. Utalisikia kwenye jimu, utalisikia saluni, wengine wanajiita hivyo wenyewe huku wanajishika kiuno. Kwa hiyo mtu anayekula machozi yake usiku amebanwa katikati ya majina mawili. Nyumbani amenawiri, mjini mzembe. Wa kumuuliza "una nini?" hayupo upande wowote. Na si wachache hawa tunaowazungumzia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa Tanzania, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, uzito wao umezidi. Kenya walifika 33 mwaka 2014, na mwaka 2022 wakawa 45. Sisemi wote wanakula mawazo. Mafuta ya kupikia, soda, kukaa kwenye foleni saa tatu, vyote vimo. Ila nimekaa na wanawake wengi wa rika langu, na stori ya hotpoti ukianza kuisimulia, kuna mtu anaimalizia kabla yako.

Wanaume mnaonisikiliza, msichukulie kwamba hapa mmepumzika. Mtu anayetoka kazini amefokewa, akapitia sehemu, akaagiza nusu kilo ya nyama choma na ndizi na kinywaji cha kushushia, halafu akifika nyumbani akala tena ugali ili mama asikasirike, huyo naye anakula mawazo. Tofauti ni kwamba yeye anaambiwa anapumzisha akili.

Sasa niseme jambo ambalo washauri wengi wa kupunguza mwili hawapendi kulitamka. Chakula kinatuliza kweli. Hofu ya ghafla, ya kukoswakoswa na bodaboda, hiyo inakata hamu, hata mate hayapiti. Lakini hofu inayokaa nawe wiki, mwezi, mwaka, mambo yake ni mengine. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo zinaendelea kumwaga homoni iitwayo kotisoli, na mwili unaanza kudai vitu vitamu na vya mafuta. Mwaka 2003 Mary Dallman na wenzake wa San Francisco, Marekani, walieleza walichokiona kwa panya walioishi na msongo wa muda mrefu: wakipewa nafasi ya kuchagua waliegemea mafuta na sukari, na wakishakula, king'ora cha mwili kilipungua sauti. Kwa hiyo ukiniambia chapati ilikutuliza, sina sababu ya kukubishia. Ilikutuliza. Tatizo lake ni kwamba utulivu wenyewe ni wa dakika chache, na lililokuudhi bado linakusubiri sebuleni.

Tena kufarijiana kwa chakula ni mila yetu, na mila nzuri. Nenda msibani. Moto jikoni unawaka kabla kaburi halijachimbwa, majirani wanaleta mchele na sukari, wanaume wanapasua kuni, na mfiwa ambaye tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni anashikishwa kikombe cha uji na mama mmoja asiyekubali hapana. Hakuna anayemwambia mfiwa kwamba anakula hisia. Ila mtazame anavyokula. Amekaa mkekani, bega kwa bega na wenzake, sinia ni moja, na pembeni yuko mtu anamhesabia matonge akihofu kwamba ni machache. Huzuni ile ina mashahidi, na kula kule kuna mwisho wake, sinia likiondolewa. Chapati ya gizani haina shahidi, na hakuna anayekuja kuondoa sinia.

Nirudi kwenye mchana, maana nilipoteza miaka mitatu nikipigana vita vya usiku, kumbe nilikuwa nashindwa tangu asubuhi.

Siku yangu ilikuwa hivi. Nakwenda kazini kwa kipindi cha alfajiri, nimelala kwa saa nne tu. Chai ya rangi bila sukari. Maji ya uvuguvugu na ndimu, kwa sababu kuna mtu alisema yanayeyusha mafuta, na mimi ambaye kazi yangu ni kuhoji watu sikumhoji. Mchana tango na yai. Saa kumi jioni mikono inatetemeka, naitazama karanga ya mwenzangu kama paka anavyotazama dagaa, na moyoni najisifu: leo nimeweza. Saa nne usiku, hotpoti.

Kisha nikakutana na kitabu kilichonieleza siku hiyo yangu. Mwezi Februari mwaka 1945, kwenye vyumba vya chini ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu aitwaye Ancel Keys aliwaanzishia vijana 36 mlo wa kujinyima. Walikuwa vijana wazima, waliojitolea, ambao kwa imani zao walikataa kushika bunduki vitani. Nia ilikuwa kujua jinsi ya kuwalisha watu wa Ulaya walioshinda na njaa ya vita. Kwa wiki 24 walipewa takribani kalori 1,570 kwa siku: viazi, mkate, makaroni, milo miwili tu, na kutembea kilomita 35 kila wiki. Ukitaka kushangaa, linganisha na karatasi za mlo zinazouzwa mtandaoni siku hizi. Nimeona zenye kalori 1,200, na mtu anapewa akiwa na kazi na watoto.

Vijana wale walipoteza robo ya uzito wao, na hilo lilitarajiwa. Walichofanya baada ya hapo ndicho nilichokisoma mara mbili. Walilamba sahani. Waliota chakula. Waliokuwa hawajawahi kupika walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kitandani. Walitafuna bigijii mpaka zikawekewa kikomo. Walikuwa wakali, wenye huzuni, wakajitenga na wachumba zao. Na mlo uliporudishwa, baadhi walikula mpaka tumbo likauma na bado wakasema wana njaa. Watu hawa walipimwa akili na miili kabla ya kuanza na kuonekana imara. Hawakuwa na uzembe wowote. Walikuwa na njaa, na njaa ikazaa huzuni, na huzuni ikarudi kula. Nilipofika hapo nilikiweka kile kitabu chini nikapiga hesabu ya tango langu.

Usingizi nao una mkono wake. Chicago, mwaka 2004, vijana 12 wenye afya waliruhusiwa kulala saa nne tu kwa usiku mbili. Homoni ya njaa ikapanda kwa asilimia 28, ile ya kushiba ikashuka kwa asilimia 18, na walichokitamani zaidi ni vitamu, vya chumvi na vya wanga. Usiku mbili tu! Mimi nilikuwa na mwaka wa sita wa kipindi cha alfajiri.

Lakini ngoja. Njaa na usingizi vinaeleza chapati ya kwanza. Pengine na ya pili. Havielezi ya tano. Ya tano ina maelezo yake, na kwa maoni yangu hapo ndipo kiini kilipo. Chapati ya tano inaletwa na sentensi. Unaijua. Unaisema kimoyomoyo ukiwa umeshika ya pili: "Basi, nimeshaharibu." Na ndugu yake: "Nitaanza Jumatatu."

Mwaka 1975 mwanasaikolojia Peter Herman na mwenzake walichapisha jaribio ambalo hadi leo linanichekesha na kuniumiza. Waliwaita wanafunzi wa kike wakidai wanataka waonje aiskrimu na kuitolea maoni. Kabla ya kuonja, wengine walinyweshwa milkisheki glasi moja, wengine mbili, wengine hawakupewa. Wasiokuwa na habari na kujinyima walifanya utakavyotegemea: aliyekunywa zaidi alionja kidogo. Waliokuwa wakijinyima walifanya kinyume. Aliyekuwa hajanywa kitu alijizuia. Aliyekunywa ndiye aliyeila aiskrimu kwa wingi. Siku ilikuwa imeshaharibika, kwa hiyo lango likafunguliwa. Mwaka uliofuata Janet Polivy, aliyefanya kazi na Herman kwa miaka mingi huko Toronto, alionyesha jambo kali zaidi. Aliwapa watu pudingi, baadhi wakaambiwa ina kalori nyingi, baadhi wakaambiwa ina chache. Wanaojinyima walioamini wamekula nyingi ndio waliokula zaidi baadaye, hata pale walichoambiwa hakikuwa kweli. Sukari haikuwa na habari. Imani ya kwamba wameharibu ndiyo iliyokula. Watafiti hao waliipa hali hii jina lenye utovu kidogo wa adabu kwa Kiingereza. Sisi tunalo letu tangu zamani: liwalo na liwe.

Nilipolielewa hili nilijiona mjinga, kisha nikahesabu. Chapati mbili usiku hazinenepeshi mtu. Nilichokuwa nakula kilikuwa chapati mbili na adhabu ya chapati tatu. Kesho yake najiadhibu tena kwa kutokula hadi jioni, na jioni nafika jikoni na njaa ya vijana wa Minnesota. Duara hilo nilikuwa naliita nidhamu.

Wengi mtaniuliza nilifanya nini. Kwanza nilifanya mambo ya ovyo. Nilifunga kabati kwa kufuli nikampa dada wa kazi ufunguo, na usiku wa tatu nikamwamsha kwa uongo kwamba natafuta dawa ya mtoto. Nilipiga marufuku unga wa ngano nyumbani, watoto wakaanza kula chapati kwa jirani, nami nikawafuata.

Kilichobadilisha kitu kilikuwa kula asubuhi. Najua hakisikiki kama siri kubwa. Christopher Fairburn wa Oxford, ambaye kwa miaka mingi ametibu watu wanaokula kwa kufululiza, anaanzia hapo hapo: milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, kwa saa zinazojulikana, bila kuacha zaidi ya saa nne hivi zipite. Huanzi na kupunguza. Unaanza na kupanga. Mimi nilianza na viazi vitamu na chai ya maziwa saa moja asubuhi, studio, kati ya habari na tangazo. Mchana nikala ugali wangu kama mtu, na mboga na samaki. Wiki ya kwanza niliogopa kweli, nilidhani nitafura. Wiki ya tatu nilifika nyumbani jioni moja, nikapita jikoni, nikaoga, nikaenda kulala, na asubuhi ndipo nikakumbuka kwamba hotpoti sikuigusa.

Haikuondoa yote. Zilibaki usiku za hasira, na hizo nikajifunza kuzitambua kwa kipimo cha makande. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Kwa hiyo hamu ikinishika najiuliza: makande ya jana, ya baridi, ungeyala? Nikijibu ndiyo, ni njaa, nakula, tena naketi. Nikijibu hapana, nataka kitu kitamu, tena sasa hivi, basi kuna mtu au jambo limenigusa, na mara nyingi nikitulia dakika tano namjua kwa jina. Wakati mwingine nampigia. Wakati mwingine naandika ujumbe mrefu na kuufuta. Na wakati mwingine, nisiwadanganye, nakula chapati. Ila naiweka kwenye sahani, nawasha taa, nakaa kitini. Hizo ndizo sheria zangu tatu, na zote hazihusu idadi. Nimepungua kilo 7 kwa mwaka na miezi miwili. Jirani yangu aliyekunywa chai fulani ya kienyeji alipungua 9 kwa mwezi mmoja. Sasa hivi ana 12 zaidi ya alizoanza nazo, na hataki kuulizwa.

Kuna msikilizaji mmoja hapo ambaye maneno yangu hayamtoshi, naye nina neno lake. Kama unakula kwa kufululiza chakula kingi kuliko mtu wa kawaida, ukihisi huwezi kusimama hata ukitaka, angalau mara moja kwa wiki, na imekuwa hivyo miezi mitatu, hali hiyo tangu mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani wanaitambua kama ugonjwa unaojitegemea. Una tiba, na tiba yenyewe kwa sehemu kubwa ni mazungumzo na mtaalamu. Kadhalika kama unakula kisha unajitapisha. Uliza kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Najua unachoogopa: watasema umepelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Watu wa Mombasa na Nairobi nao wana jina lao la kutishana. Waache waseme. Wao ndio waliokwambia umenawiri.

Shangazi yupo kwangu tangu mwezi uliopita, amekuja kliniki ya macho. Juzi usiku nilizungumza kwa simu na kaka yangu juu ya shamba la baba. Hatukuelewana. Nikakata simu, nikaenda jikoni miguu mitupu, bila kuwasha taa, sheria zote zimenitoka. Mkono ukaenda kwenye mfuniko. Sijui ni hasira au ni giza, sikuuzungusha kushoto. Nikauvuta tu. Ulipiga kelele nyumba nzima.

"Nani huko?"

"Mimi, shangazi."

"Wafanya nini gizani?"

Nilikuwa na uongo wa kutosha. Dawa ya mtoto, maji ya kunywa, paka.

"Nakula chapati, shangazi. Nimeudhika."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kitanda kikilia, kisha kandambili zake kwenye korido, akaja akipapasa ukuta mpaka akaipata swichi. Akanitazama, akaitazama hotpoti.

"Na za baridi hizo? Lete sahani mbili. Ngoja niwashe jiko."